Namna ya kusikiliza albamu kongwe ukiwa mwanafunzi Mwanza, na kutoka hapo kuufikia muziki mpya

Albamu isikilizwe nzima, kwa mpangilio wake, mara tatu, kabla hujasoma neno la mtu mwingine kuihusu. Karibu kila kitu kinachofuata hapa kipo ili kulinda sharti hilo. Anayefungua wimbo mmoja maarufu, akaruka wa pili, kisha akakimbilia kuona watu wamesema nini mtandaoni, huishia kurudia maoni yao. Kijiweni atabishana vizuri, ila masikio yake hayajajifunza kitu.

Neno "nzima" lina sababu ya kiufundi. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika ilitoka mwaka 1948, na kila upande wake hubeba takriban dakika 20 tu za sauti nzuri. Wanamuziki wa miongo iliyofuata walipanga kazi zao kwa pande mbili, na wimbo wa kwanza wa upande B walimpa mtu anayeanza upya. Chukua Exodus ya Bob Marley and the Wailers, ya mwaka 1977. Nyimbo tano za kwanza ni za imani na mapambano, zikiishia na wimbo wenye jina la albamu. Upande wa pili unafunguliwa na Jamming, na kuanzia hapo ni mapenzi, furaha na kufarijiana. Simu yako haionyeshi mpaka huo. Tafuta kwanza ni wimbo gani ulifungua upande B, uandike kwenye daftari, na ukifika hapo simamisha muziki dakika mbili. Mapumziko hayo ni sehemu ya albamu.

Uanze na ipi

Anza karibu na unachokipenda tayari. Orodha za "albamu bora za wakati wote" ni nyingi, lakini mtu anayezivamia kuanzia namba moja huchoka mapema, kwa kuwa anarushwa kutoka rock ya Uingereza hadi jazz ya New York bila daraja.

Kama umekulia kwenye hip hop na mashairi ya Fid Q, mtoto wa Mwanza huyu huyu, chukua Illmatic ya Nas (1994): nyimbo 10, dakika zisizozidi 40. Kama unaimba kwaya, chukua Amazing Grace ya Aretha Franklin (1972), iliyorekodiwa kanisani Los Angeles mbele ya waumini, na utasikia jinsi mwimbaji mmoja anavyoliacha neno moja lifanye kazi ya ubeti mzima. Kama nyumbani mlipiga rumba na zilipendwa, chukua Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyorekodiwa Uingereza katika studio za Real World na kutoka mwaka 1989. Hiyo ina faida ya pekee kwako: nyimbo zake nyingi ni za Kiswahili, na vyombo vimerekodiwa kwa usafi kiasi kwamba kila gitaa unalitenga kwa urahisi.

Usianze na Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder (1976). Ni kazi kubwa mno, lakini ina santuri mbili kubwa na moja ndogo, nyimbo 21, zaidi ya saa moja na nusu. Iache hadi umeshamaliza albamu sita au saba fupi.

Kabla ya kubonyeza, hakiki toleo. Matoleo yaliyoandikwa "Deluxe" au "Expanded" huongezewa majaribio ya studio na rekodi za jukwaani baada ya wimbo wa mwisho, na hapo mwisho uliokusudiwa unapotea. Hesabu za asili ni hizi: Kind of Blue ya Miles Davis (1959) nyimbo 5, What's Going On ya Marvin Gaye (1971) nyimbo 9, Thriller ya Michael Jackson (1982) nyimbo 9, Exodus nyimbo 10. Ukiona zaidi, simama pale hesabu ya asili inapoishia.

Bando, mipangilio na vifaa

Hesabu ya bando ni rahisi ukiijua kasi ya sauti. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula MB 0.72 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 40 ni karibu MB 29. Kwa kilobiti 160 ni MB 48, na kwa 320 ni MB 96. Ukisikiliza mara tatu moja kwa moja mtandaoni unalipa mara tatu, hivyo pakua mara moja kwa 160 kisha usikilize bila intaneti. Usishuke hadi 24 ili kuokoa bando: matoazi yanageuka mchakacho, na sauti ya pili ya kiitikio inameng'enyeka ndani ya ya kwanza. Video ndizo zinazokula bando zaidi, na macho yakishapata kazi masikio hupumzika.

Kwenye programu unayotumia, zima vitu vitatu. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, kile chenye mishale miwili inayopishana. Zima mchanganyiko unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, maana What's Going On imepangwa upande wa kwanza ili nyimbo ziungane zenyewe, na ukiacha programu iunge kwa namna yake unaharibu kilicho kizuri kuliko vyote humo. Zima pia uchezaji unaoendelea baada ya albamu kuisha. Hili la tatu husahaulika: wimbo wa mwisho ukishamalizika unahitaji kimya, na programu inakurushia wimbo wa mtu mwingine ndani ya sekunde moja. Akaunti za bure kwenye baadhi ya programu hulazimisha kuchanganya na kuingiza matangazo katikati. Hapo heri ununue albamu moja, au uipate CD ya jamaa yako na kuihamishia kwenye kompyuta.

Sasa spika za masikioni. Za waya na bei ya chini zinatosha, sharti ziwe nzima pande zote mbili. Zijaribu kwa Kind of Blue: saksafoni mbili za humo zimewekwa katika masikio tofauti, Coltrane upande mmoja na Adderley upande mwingine. Ukisikia moja tu, ama waya umekatika karibu na pini, ama tundu limejaa vumbi. Ukizisikia zote mbili lakini katikati, kagua kama simu imewekwa sauti ya mono, ile inayopeleka sauti moja masikio yote mawili. Ukinunua hedifoni za mtumba, Mlango Mmoja au kwingine, zichomeke kwenye simu yako kabla ya kulipa, upinde waya taratibu karibu na pini huku wimbo unaendelea. Ikikwaruza, rudisha.

Spika ya simu yenyewe haifai kwa kazi hii. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa mtetemo wa karibu hezi 41, na spika ndogo ya simu haifiki huko. Unachosikia ni vivuli vya noti hiyo vya juu zaidi, na mpiga besi, ambaye mara nyingi ndiye anayeubeba wimbo, anakuwa kama hayupo. Kuhusu ukubwa wa sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na ushauri huo unafaa pia kwa kusikia vizuri: masikio yaliyopigwa kwa sauti kubwa huchoka, na nyimbo za mwisho zote zinaanza kufanana.

Wapi na saa ngapi

Geto la Malimbe au Nyegezi lina mabati juu, sabufa ya jirani ukutani na bodaboda nje. Saa nzuri ni alfajiri, saa 10 hadi 12, kabla watu hawajaamka. Mvua ikishika mabati, acha, sikiliza siku nyingine. Usipandishe sauti kushindana nayo. Ukienda kwenye majabali ya ufukweni, nenda asubuhi. Mchana upepo hutoka ziwani na kupiga moja kwa moja kwenye spika za masikioni, basi kaa upande wa jabali unaoukinga.

Kwenye daladala usisikilize albamu kwa mara ya kwanza. Ngurumo ya injini iko chini kabisa, kule kule kwenye besi na ngoma kubwa, na inavifunika vyote viwili. Meli ya kwenda Nansio ina shida hiyo hiyo, ila safari ni ya saa tatu hivi na mtu amekaa, kwa hiyo inafaa kwa msikilizo wa tatu, ule wa maneno, kwa sababu sauti ya mwimbaji iko juu ya ngurumo.

Misikilizo mitatu

Ya kwanza ni ya mwili. Simu iwe kwenye hali ya ndege, uso chini. Daftari liwe wazi, lakini unaandika dakika tu na neno moja au mawili: "2:10 besi kimya", "3:40 nimeshtuka", "wimbo wa 4 nimechoka". Kuchoka kuandikwe kama vilivyo vingine. Usirudishe nyuma hata mara moja, kwa kuwa ukianza kurudisha nyuma unasikiliza vipande.

Ya pili, baada ya siku moja au mbili, ni ya chombo kimoja. Chagua kimoja na ukifuate kuanzia mwanzo hadi mwisho wa albamu, hata kikinyamaza. Besi ndiyo shule bora. Katika What's Going On mfuate James Jamerson: besi yake haikai chini kusubiri, inaimba pembeni ya sauti ya Marvin Gaye. Kwa rumba na dansi, fuata gitaa la ridhimu badala ya solo, maana solo tayari kila mtu anaisikia. Kwa Fela Kuti, ambaye nyimbo zake huchukua upande mzima wa santuri na yeye huanza kuimba baada ya dakika kadhaa, fuata gitaa lile linalorudia kifungu kimoja. Ukiweza kulifuata bila akili kutangatanga, umeelewa kwa nini sauti yake ikija inakuwa na uzito vile.

Ya tatu ni ya maneno na ya historia. Sasa soma mashairi, tafuta tafsiri ya Kilingala au Kiingereza kigumu, soma nani alipiga nini na mwaka gani. Kabla ya hapo, maelezo yanakuambia usikie nini na wewe unatii.

Baada ya msikilizo wa tatu ndipo unaandika maoni kamili, ukurasa mmoja. Juu weka jina la albamu, mwaka, toleo, kifaa ulichotumia na saa. Kifaa na saa si urembo: maoni mengi mabaya kuhusu albamu nzuri yalitoka kwenye spika moja iliyokufa. Katika rasimu ya kwanza usitumie "nzuri", "kali", "noma" wala "moto". Andika kilichotokea kwenye muziki, kisha kilichotokea kwako. "Wimbo wa tatu ni mkali sana" hauna kitu ndani yake. "Ngoma zinaacha kupiga kwenye ubeti wa mwisho, sauti inabaki na piano, nikajikuta nimezuia pumzi" ni sentensi ambayo mwenzako anaweza kwenda kuihakiki na kubishana nayo. Na kama hukuipenda, taja dakika iliyokupoteza. Usiombe radhi kwa kutoipenda albamu inayosifiwa dunia nzima, ila irudie baada ya mwezi mmoja, mara moja tu, kisha endelea.

Wanafunzi wengi hukwama wimbo wa tatu au wa nne. Sababu mara nyingi ni kasi: biti za leo huingiza kiitikio ndani ya nusu dakika, wakati Kind of Blue inafungua na wimbo wa dakika tisa ambao mada yake ni besi na piano wakiitikiana. Dawa ni kuhesabu. Sikiliza kwa makundi ya mapigo manne, hesabu makundi manane, na ona nini kimebadilika. Kitakuwepo kitu.

Zilipendwa zetu hazina albamu

Hapa panahitaji kazi zaidi, na ndipo palipo na utajiri. Bendi zetu kubwa za miaka ya 1970 na 1980 hazikuishi kwa kutoa albamu. Zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni, na wimbo mmoja mmoja ukarushwa hewani. Ukitafuta "albamu bora ya Mlimani Park" utakutana na mikusanyiko iliyofanywa baadaye, imechanganya miaka na waimbaji. Basi ijenge mwenyewe.

Chagua bendi moja na kipindi kifupi chenye waimbaji wale wale. Kwa mfano Mlimani Park Orchestra, Sikinde, kuanzia ilipoundwa mwaka 1978 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kusanya nyimbo sita hadi nane, jumla dakika 40 hivi. Panga tatu au nne upande A, zilizobaki upande B, na uweke yenye chemko refu kuliko zote mwisho wa upande. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: ya kwanza tulivu, yenye beti na kisa, ya pili ni chemko, ambapo magitaa yanaharakisha na maneno yanapungua. Andika dakika ambayo kila wimbo unavuka. Ukiwa na nane mbele yako utaona kila bendi ina tabia yake ya kuvuka: wengine kwa tarumbeta, wengine kwa mdomo wa bata, yaani saksafoni, wengine kwa gitaa moja tu linaloanza kurudia.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni majina. Waimbaji walihama sana: Muhidini Gurumo aliimba NUTA Jazz, akawa Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo, ambayo ni ile ile NUTA Jazz. Anayepakia wimbo mtandaoni hutambua sauti na kubandika jina la bendi asiyoijua vizuri. Hakiki kwa kulinganisha nakala mbili tatu, na usikilize vipindi vya zilipendwa redioni, ambako mtangazaji hutaja bendi kabla ya wimbo. Ukisikia kinanda cha umeme chenye sauti kali na ngoma za mashine, huenda ni rekodi ya baadaye ya wimbo ule ule, iweke pembeni.

La pili ni kasi ya mkanda. Kanda zilizohamishwa kwa redio kaseti chovu hukimbia au huvuta. Wimbo wa dakika 6 ukikimbia kiasi cha kupanda nusu noti huisha kwa dakika 5 na sekunde 40, na mwimbaji anasikika kijana kuliko alivyokuwa. Linganisha urefu wa nakala mbili. Tofauti ya sekunde 20 ni dalili. Hili halikuwapata bendi zetu peke yake. Mashine iliyorekodi upande wa kwanza wa Kind of Blue, tarehe 2 Machi 1959, ilikuwa ikienda polepole kidogo, hivyo nyimbo tatu zikasikika juu ya noti zake hadi toleo lililosahihishwa la mwaka 1992.

Na usiruke ziwa lenyewe. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga na ambaye watu wengi humhesabu Mkenya tu, alizaliwa karibu na Shirati, mkoani Mara, mwaka 1940, na bendi yake ikabeba jina la Shirati. Katika benga sikiliza gitaa la solo likiiga sauti ya mwimbaji, kisha linganisha na nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, nenda Bujora, Kisesa, ukasikilize bugobogobo, ngoma yao ya majembe, ana kwa ana. Usikae sehemu moja: simama karibu na ngoma kubwa dakika tano, kisha zunguka upande wa pili, uandike kilichobadilika. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma, wanashindana, kwa hiyo una makundi mawili ya kulinganisha siku hiyo hiyo.

Kutoka albamu moja hadi muziki usioujua

Fuata jina la mtu. Mapendekezo ya programu hutengenezwa kutokana na tabia za wanaosikiliza kama wewe, hivyo hukuzungusha mtaa ule ule, na kama akaunti moja mnaitumia watu watano getoni yanakuwa ya hovyo kabisa. Jina la mpiga besi au la mwenye wimbo uliokatwa na kutumiwa upya linakutoa nje.

Kutoka kila albamu chukua majina matatu ambayo si ya mwenye albamu. Illmatic inaonyesha njia vizuri. Tarumbeta inayosikika mwishoni mwa wimbo wa tatu inapigwa na Olu Dara, baba yake Nas. Huyo ni jina la kwanza, na ana albamu zake. Piano katika The World Is Yours imekatwa kutoka rekodi ya Ahmad Jamal, ya albamu The Awakening ya mwaka 1970. Jamal ni jina la pili, na kutoka kwake unafika kwa Miles Davis, aliyemsikiliza sana na kusema wazi kwamba amejifunza kwake. Mpenda hip hop wa Nyegezi amefika Kind of Blue kwa hatua mbili, na akifika ana sababu ya kuwa pale.

Jamerson ni njia nyingine. Jalada la What's Going On ndilo lililowataja kwa majina wanamuziki wa studio ya Motown, baada ya miaka mingi ya kupiga bila kuandikwa. Rudi nyuma ukamtafute katika Bernadette ya Four Tops na I Was Made to Love Her ya Stevie Wonder, zote za mwaka 1967, utamtambua kwa besi kabla hujasoma popote. Kutoka kwa Remmy, aliyezaliwa Kongo, nenda kwa Franco na TPOK Jazz. Anza na Mario ya mwaka 1985.

Kila jina lipe albamu moja, na usiende zaidi ya hatua tatu kabla ya kurudi kwenye ile uliyoanzia. Hatua moja iwe ya nyuma, moja ya pembeni kwa waliopiga wakati mmoja, moja ya mbele hadi mwanamuziki aliye hai na anayetoa kazi sasa.

Kusikiliza kwa pamoja husaidia, watu wanne hadi sita, mara moja kwa wiki mbili. Sabufa isiwekwe kwenye kona, kona huvimbisha besi. Spika zake ndogo mbili ziwe usawa wa masikio, mita moja na nusu kati yake, na wasikilizaji wakae mbele kwa umbali kama huo au zaidi kidogo. Besi ipunguzwe hadi nusu. Hakuna maongezi hadi upande A uishe. Kisha dakika tano kila mtu aandike kimya, ndipo msome kwa zamu, na aliyeleta albamu asome wa mwisho, kwa kuwa akianza yeye wengine watarekebisha walichoandika. Albamu ya kikao kinachofuata itoke kwenye moja ya majina yaliyoandikwa humo, na mwenye bando siku hiyo aipakue kwa wote na kuigawa kwa fleshi.